Roki ya Wachina: kutoka CD za takataka hadi kupigiwa debe na ofisi za miji

#1 Mpiga Gambusi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Siku chache nyuma kuna mtu alibandika humu kwamba Wachina hawana muziki, wana filimbi za mgahawani na midundo ya filamu za kung fu, basi. Watu wakacheka wakapita. Mimi nimesoma Wuhan, roki yao nimeisikiliza hadi wenzangu wa bwenini wakazoea kelele, kwa hiyo leo mnivumilie. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aweke alama arudi usiku.

Msimamo wangu ni huu: roki ya China haikulelewa na redio, haikulelewa na serikali, na makampuni ya muziki ya Magharibi hayakuwa hata na habari nayo. Iliishi kwa kuokota. Na umma ulikuja kuipenda pale wanamuziki walipoacha kujifanya Wamarekani wakaimba kwa lafudhi za kwao, kuhusu mitaa na viwanda vya kwao.

Tuanzie Beijing, tarehe 9 Mei 1986, ndani ya ukumbi wa michezo uitwao wa Wafanyakazi. Ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Amani, na waimbaji zaidi ya 100 walikusanywa kuimba habari za upendo duniani. Wote wamependeza, nywele zimechanwa. Akapanda kijana wa miaka 24 aitwaye Cui Jian. Kavaa joho kuukuu la mtindo wa kale, mguu mmoja wa suruali umekunjwa juu kuliko mwingine, gita mkononi. Ajira yake ilikuwa kupiga tarumbeta kwenye okestra ya serikali. Akaimba "Yi Wu Suo You", wimbo wa mwanamume anayembembeleza msichana afuatane naye ilhali hana kitu, hana hata senti. Ukumbi ukatulia kwanza, kisha ukalipuka.

Hebu fikirieni. Nchi ambayo kwa zaidi ya miaka 30 imewaambia watu wake kwamba kila kitu ni mali yao, halafu anasimama mmoja hadharani anasema mimi sina chochote.

Usikilizeni wimbo wenyewe. Katikati ya gita la umeme na drams mtasikia zumari. Wao huliita suona, ni ukoo mmoja na zumari la pwani yetu, maana yote yametoka upande wa Uajemi, moja likaenda mashariki na jingine likashuka kwetu. Aliyelipuliza ni Liu Yuan, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa saksafoni ya jazi. Sasa kuna hili ambalo wengi hawalijui: bendi ya ADO iliyompigia Cui Jian ilikuwa na mpiga gita kutoka Madagaska, Eddie Randriamampionona, na mpiga besi kutoka Hungaria, Kassai Balázs. Yaani tangu siku za mwanzo kabisa roki ya China ina mkono wa mtu wa visiwa vya Bahari ya Hindi.

Mwaka 1989 ikatoka albamu yake, na Mei ya mwaka huohuo Cui Jian akaenda kuwapigia wanafunzi waliokuwa wamekaa Uwanja wa Tiananmen. Ule wimbo wa 1986 wakaufanya wao. Usiku wa kuamkia Juni 4 jeshi likawafyatulia watu risasi, hayo mnayajua. Mwaka 1990 akaruhusiwa kuzunguka mikoani kuchangisha fedha za Michezo ya Asia iliyokuwa inakuja Beijing, lakini kila akifika kwenye wimbo fulani anajifunga kitambaa chekundu machoni kabla ya kuimba. Ziara ikakatishwa. Onyesho lake kwenye ukumbi mkubwa wa Beijing lilisubiri hadi 2005.

Naendelea chini, nachukua maji.

#2 Chalii wa Sakina

Nimeshaweka kambi. Mwaga vitu mkuu.

#3 Msumari wa Moto

Mtu wa Madagaska kwenye bendi ya Kichina miaka ya themanini? Hii chai ina sukari nyingi.

#4 Mpiga Gambusi

Mkuu Msumari, tafuta orodha ya wapigaji wa ile albamu ya 1989, jina lipo. Na wala si muujiza. Beijing ya wakati ule ilikuwa na wanafunzi wa Kiafrika, wafanyakazi wa balozi, watu wa Ulaya ya Mashariki. Hao ndio waliokuwa wanaingia na kanda mabegini. Kijana wa Kichina aliyetaka kusikia The Beatles au The Police alitafuta rafiki mgeni, anaazima kanda, anarekodi, anarudisha. Maduka hayakuwa na kitu cha aina hiyo.

#5 Mpiga Gambusi

Sasa hapa ndipo paliponivutia mimi zaidi ya kote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Miaka ya tisini makampuni ya Marekani na Ulaya yalikuwa yanazalisha CD na kanda kuliko yanavyoweza kuuza. Mzigo uliobaki ulikuwa unauzwa kama plastiki ya kuyeyusha, na ili usirudi sokoni kwa mlango wa nyuma unapitishwa kwenye msumeno: kila CD inatiwa pengo ukingoni. Makontena yakaelekea China, bandari za kusini upande wa Guangdong. Yakafikia mikononi mwa watu walioijua thamani ya ile plastiki kuliko aliyeitupa.

CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje. Ukiipiga pengo ukingoni, kinachokufa ni wimbo wa mwisho, pengine na wa kabla yake. Zilizobaki zinalia safi kabisa. Albamu ikiwa fupi hukosi hata wimbo mmoja, kwa sababu pengo limeangukia mahali pasipo na kitu. Kanda nazo zilikuwa zinakatwa hadi mkanda wenyewe unakatika. Unafungua skrubu, unaunganisha kwa kipande cha gundi ya karatasi, unafunga, unasikiliza. Pale palipounganishwa sauti inaruka kidogo, na watu walizoea mpaka wakisikia nakala nzima wanaona kama imezidi.

Wenyewe waliziita dakou, na vijana waliokua nazo wakaitwa kizazi cha dakou. Pale Wudaokou, Beijing, karibu na vyuo vikuu, muuzaji anaweka maboksi, unachambua kama unavyochambua mitumba Karume, unaondoka na Joy Division, Sonic Youth, na bendi nyingine ambayo hata kwao hakuna aliyeinunua.

Matokeo yake ni haya. Kijana wa London au New York alizipata bendi hizo kwa foleni: hii ilianza, hii ikaipinga, hii ikafuata. Mwenzake wa Beijing alipokea miaka 30 ya roki ndani ya boksi moja, bila tarehe, bila maelezo, na mara nyingi hawezi kusoma jalada. Panki, metali, bluzi, vyote vya juzi na vya zamani vimefika siku moja. Ndiyo maana ukisikiliza bendi zao nyingi unakuta mchanganyiko ambao kwa mtu wa kule ungekuwa ni utovu wa adabu.

Wakati huohuo kampuni moja ya Taiwan, Rock Records, ilifungua lebo ya Magic Stone na kuwarekodi watu wa Beijing. Mwaka 1992 ikatoka albamu ya bendi ya Tang Chao, metali iliyojaa enzi ya wafalme wa Tang, na ndani yake wakaweka "Internationale" kwa gita za kupasua masikio. Wimbo unaoimbwa na Chama cha Kikomunisti chenyewe, umepigwa na vijana wenye nywele hadi kiunoni. Nani angeukataza?

Kisha tarehe 17 Desemba 1994, Hong Kong, ukumbi wa Hung Hom. Tang Chao pamoja na Dou Wei, Zhang Chu na He Yong walipanda mbele ya watu waliozoea muziki laini wa mapenzi wa Kikantoni. He Yong alivaa fulana ya baharia yenye mistari na skafu nyekundu ya watoto wa shule. Ulipofika wimbo wake unaohusu mtaa wa Mnara wa Ngoma na Mnara wa Kengele alikokulia, akamwita jukwaani mpiga sanxian, chombo cha nyuzi tatu. Alikuwa baba yake mzazi. Mzee amekaa kwenye kiti, anakung'uta nyuzi zake kwa utulivu, mwanaye anaruka pembeni. Video ipo, itafuteni.

Miezi mitano baadaye mpiga besi wa Tang Chao, Zhang Ju, alifariki kwa ajali ya pikipiki. Dou Wei akahamia kwenye muziki mwingine kabisa. He Yong na Zhang Chu wakanyamaza. Roki ikarudi vichochoroni.

#6 Bint Kilindini

Mleta uzi, hongera kwa kazi, lakini umeipitia Hong Kong mbio mno. Umetaja ukumbi ukasahau wenyeji. Bendi ya Beyond iko wapi?

Mimi niko Mombasa, nafanya kazi na Wachina. Kulikuwa na sherehe ya Mwaka Mpya wao pale kazini, karaoke imewekwa kwenye bwalo la chakula. Mpima ardhi mmoja, mtu wa Hunan, mkimya, hata salamu humtoka kwa shida, akachukua maikrofoni. Beti la kwanza Kikantoni, sikuambulia neno. Kilipofika kiitikio nikadhani masikio yangu yana matatizo: amani, nakupenda, tunataka wewe. Wapishi wakatoka jikoni na miiko mkononi wakaitikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshangaa zaidi. Ameuimba wimbo huo tangu akiwa shule, na hakuwahi kujua lile lilikuwa Kiswahili mpaka siku hiyo.

Wimbo unaitwa "Amani", ni wa mwaka 1991. Beyond walikuja hapa Kenya mwaka huo pamoja na shirika la World Vision, wakaona walichoona kwa watoto, wakarudi kwao wakaandika. Mwaka mmoja kabla walikuwa wametoa "Guang Hui Sui Yue", wimbo uliotungwa kwa ajili ya Nelson Mandela aliyekuwa ametoka gerezani. Nenda karaoke yoyote ya Wachina, wa Beijing, wa Guangzhou, wa Malaysia, utaukuta. Watu wa makamo wanaulilia.

Kwa hiyo ukisema roki ilipata umaarufu baadaye, mimi naona Beyond walishaingia kwenye nyumba za watu wa kawaida wakati hao wa Beijing bado wanachambua maboksi.

#7 Chalii wa Sakina

Dah, nimeutafuta sasa hivi YouTube. Dada Bint hujakosea hata herufi. Nimeurudia na bado nywele zimesimama.

#8 Babu Santuri

Binti, huyo mwimbaji wao si ndiye aliyefia Japani?

#9 Bint Kilindini

Ndiye, mzee wangu. Wong Ka Kui. Juni 1993 walikuwa Tokyo kwenye kipindi cha burudani cha televisheni, akaanguka kutoka jukwaani akaumia kichwa, akafariki tarehe 30 Juni. Alikuwa na miaka 31. Wimbo wao mkubwa kuliko wote, "Hai Kuo Tian Kong", ulikuwa umetoka mwaka huohuo. Waandamanaji wa Hong Kong wa 2014 waliuimba barabarani, na mashabiki wa China bara wanauimba kwenye harusi.

#10 Mpiga Gambusi

Dada Bint, nimepokea kwa mikono miwili. Niongeze tu kwamba Beyond walipiga Beijing mwaka 1988 na wakauimba wimbo wa Cui Jian pale jukwaani, kwa Kimandarini. Kwa hiyo pande mbili zilikuwa zinasikilizana mapema. Ila nabaki na langu: bara ilimpenda Beyond kama msanii wa kaseti na karaoke. Bendi za kwao wenyewe, ukumbi wa jirani, mtoto wa mtaa kuomba gita badala ya kinanda, hayo yalichelewa.

#11 Msumari wa Moto

Tusidanganyane. Roki ni uasi. Mtu anayepeleka mashairi yake kwa afisa utamaduni yakapigwe mhuri ndipo apande jukwaani, huyo ni mwanakwaya mwenye gita. Serikali ya China ikiamua kesho roki iishe, inaisha. Umaarufu gani huo?

#12 Mpiga Gambusi

Msumari, nusu ya hayo ni kweli na sitayakwepa.

Orodha ya nyimbo inakaguliwa, ndiyo. The Rolling Stones walipopiga Shanghai mwezi Aprili 2006 walizuiwa kuimba nyimbo kadhaa zao maarufu, "Brown Sugar" mojawapo. Viti vingi siku ile vilikaliwa na wageni. Cui Jian akaalikwa wakaimba pamoja "Wild Horses". Watu waliichukua kama heshima, mimi naiona kama picha ya pasipoti: mlango umefunguliwa kiasi cha uso kupita. Mwaka 2019 Li Zhi, mtu wa Nanjing aliyekuwa anajaza kumbi kwa miguu yake mwenyewe bila televisheni, aliamka akakuta ziara imefutwa na nyimbo zake zimeondolewa kwenye programu za muziki zote. Mpaka leo.

Lakini wewe unatafuta uasi wa mtu kupiga kelele "chini na fulani". Kule uasi unapita ubavuni. Carsick Cars wa Beijing wana wimbo uitwao "Zhongnanhai". Hilo ni jina la sigara za bei ya kawaida. Pia ni jina la ua ambamo viongozi wakuu wa nchi wanafanyia kazi. Mashairi yenyewe ni mafupi, yanazungumzia kuvuta sigara. Wakianza kuupiga mashabiki hurusha sigara jukwaani, nzimanzima, zinawadondokea mabegani, zinabaki kwenye pedali za gita. Utamshitaki nani kwa kupenda sigara?

Bendi hiyo ilikulia D-22, baa nyembamba ya Wudaokou iliyofunguliwa 2006 na Michael Pettis, profesa wa fedha wa Chuo Kikuu cha Peking. Mchana anafundisha madeni ya mataifa, usiku anapokea bendi ambazo hakuna mwingine anayezitaka. Ilifungwa mwanzoni mwa 2012.

Na Wuhan yangu, wakuu. Jiji la chuma, mito na vyuo, joto lake mtu wa Tanga ataomba poo. Bendi ya SMZB ilianzisha panki pale 1996, na mwimbaji wao Wu Wei anaimba kuhusu Wuhan kama mtu anayegombana na ndugu. Nilikuwa nakwenda VOX, ukumbi wa roki wa pale. Darasani kwetu uhandisi kuna jamaa aliyekaa miaka yote siti ya nyuma bila kuinua mkono. Nikamkuta VOX, miwani kaifunga kwa kamba kisogoni, anajirusha juu ya watu, wanampokea, wanamrudisha mbele, anajirusha tena. Jumatatu yuko siti ya nyuma, kimya. Sasa niambie huyo hakupata alichokifuata.

#13 Fundi Redio

Mleta uzi unaandika vizuri lakini ukumbi mmoja hata ujae vipi ni watu mia kadhaa. Umaarufu uko wapi? Mama wa Kichina anayeuza mboga anazijua hizo bendi?

#14 Mpiga Gambusi

Swali zuri, Fundi. Jibu ni mambo mawili: viwanja vya wazi, halafu televisheni ya mtandaoni.

Shule ya muziki ya Midi ilifunguliwa Beijing mwaka 1993 kufundisha gita la umeme, jazi na roki, wakati hakuna chuo cha serikali kilichotaka kusikia. Mwaka 2000 wakaanza tamasha lao, mwanzo ndani ya shule yenyewe. Modern Sky, lebo iliyoanzishwa 1997 na Shen Lihui, mwimbaji wa bendi, ikaleta Strawberry mwaka 2009, na Strawberry ikaanza kuhamahama mji hadi mji. Hapo ndipo watoto wa miji ya mbali na Beijing walipoona bendi kwa macho.

Kisha ikaja 2019. iQiyi, mtandao wa video wa Kichina, wakarusha shindano la bendi, The Big Band. Hizi hazikuwa bendi za watoto wapya. Walioshiriki wengi walikuwa na miaka 10, 15, 20 kazini, wana vitambi, wana rehani. Walioshinda, New Pants, walianza miaka ya tisini. Hedgehog, mpiga gita wao alikuwa mwandika programu za kompyuta, anatoka ofisini anakwenda mazoezini. Nchi nzima ya vijana wanaofanya kazi hadi usiku ikajiona pale. Mama muuza mboga sijui, ila binti yake ndiyo, nakuapia.

Msimu wa pili, 2020, ndio ulionithibitishia. Wutiaoren, yaani Watu Watano, ingawa nguzo zake ni wawili, Renke na Maotao, watu wa Haifeng, mji mdogo wa pwani ya Guangdong. Walianza kwa kuuza CD na vitabu mtaani Guangzhou. Jukwaa limewashwa taa za mamilioni, wao wamekuja na kandambili. Dakika za mwisho wakabadili wimbo bila kuwaambia watayarishaji vizuri, wakaimba kwa lugha ya Haifeng ambayo hata Mchina wa Beijing haielewi. Mafundi wa taa hawakujua waweke nini. Wakatolewa.

Watazamaji wakachachamaa mtandaoni. Wakarudishwa. Wakatolewa tena, wakarudishwa tena. Wakamaliza nafasi ya pili, nyuma ya Re-TROS. Watu waliwapenda kwa sababu walikuwa na sura ya binamu aliyetoka kijijini akagoma kubadilika, na nyimbo zao zina vinyozi, pikipiki, wauza matunda, wahuni wa stendi. Hakuna hata mstari wa kuiga London.

Second Hand Rose ni hivyohivyo. Tangu 2000 Liang Long anapanda jukwaani na rangi ya mdomo na gauni la maua, anaimba roki kwa mtindo wa errenzhuan, vichekesho vya kuimbana vya wakulima wa kaskazini-mashariki, zumari limo ndani. Hanggai wanaimba kwa koo la Kimongolia. Wayina ni watu wa Guangxi, mwimbaji wao analima mpunga kwelikweli. Hawa ndio waliofika kwa umma. Waliokuwa hodari wa kuiga wamebaki kwenye kumbukumbu za mashabiki.

Na mzee mwenyewe? Aprili 2022 Cui Jian alipiga onyesho la mtandaoni kupitia WeChat. Shanghai imefungiwa ndani kwa sababu ya korona. Walioingia kutazama walipita milioni 40.

#15 Babu Santuri

Milioni arobaini kwa mzee wa miaka sitini. Basi tarumbeta haikuwa bure.

#16 Msumari wa Moto

Na sasa wakuu wa miji wameona wateja. Jamaa yangu yuko Hebei, ananiambia Shijiazhuang wameitangaza kuwa "mji wa roki". Ofisi ya serikali inatangaza roki! Hapo mtanijibu nini?

#17 Mpiga Gambusi

Nilikuwa naelekea huko, umenirahisishia.

Shijiazhuang ni mji mkuu wa Hebei, mji wa reli, nguo na viwanda vya dawa. Si wa kitalii, na Wachina wenyewe wanaukejeli. Lakini ndiko yalikochapishwa majarida mawili ya roki yaliyosomwa nchi nzima, na ndiko inakotoka bendi ya Wanneng Qingnian Lüdian. Mwaka 2010 walitoa albamu yenye wimbo unaoitwa, nikiutafsiri, "Kumwua yule mtu wa Shijiazhuang". Baba anatoka kazini saa 12 jioni, anavua nguo za kiwanda cha dawa, mke anapika uji, yeye anakwenda kunywa bia. Amefanya hivyo miaka 30, mpaka jengo linaporomoka. Kila aliyekulia China ya miaka ya tisini anajua ni jengo gani: mashirika ya umma yaliyopunguza wafanyakazi kwa mamilioni, watu waliodhani kiwanda kitawazika wakajikuta mtaani na cheti. Tarumbeta inayokuja mwishoni mwa wimbo ule sijawahi kuisikia nikiwa nafanya kazi nyingine.

Mwaka 2023 mji ukaanza kampeni: bendi kwenye bustani, bendi kwenye maduka makubwa, matamasha ya bure majira ya joto. Wazee walikwenda na viti vyao vya kukunja na wajukuu. Hilo sina ugomvi nalo hata kidogo, bendi zililipwa na watu walifurahi. Kisha Umoja wa Vijana wa Kikomunisti wa Hebei ukachukua wimbo ule, ukauandika upya, ukauita "Shijiazhuang isiyouawa". Sauti ileile. Baba ameondolewa, uji umeondolewa, jengo haliporomoki, mji unasonga mbele. Mashabiki waliucheka na kuulaani mtandaoni kwa wiki nzima.

Sasa Msumari, wewe utasema nimejifunga goli. Mimi naona hivi: hakuna ofisi inayohangaika kuandika upya wimbo usiojulikana. Waliuchukua kwa sababu kila mtu wa Hebei anaufahamu. Mwaka 1990 walikatisha ziara. Mwaka 2023 wanaomba kuimba pamoja. Kilicho hatari zaidi kati ya hivyo viwili, nakuachia.

#18 Bint Kilindini

Hata miji inayojipigia debe haiko tayari. Nanyang, mkoani Henan, walipokea tamasha la Midi kuanzia mwishoni mwa Septemba 2023, wakajisifu sana, halafu siku ya mwisho wenyeji wakavamia eneo la kambi wakabeba mahema, magodoro na mabegi ya mashabiki. Wenzangu kazini walikuwa wanatazamiana video wakicheka na kuona aibu kwa pamoja. Polisi wakakamata watu kadhaa. Roki imefika kijijini, kijiji kimebeba hema.

#19 Msumari wa Moto

Hahaha, hapo kwenye hema nimekubali.

Nimesikiliza wale wa kandambili. Sielewi neno lolote ila nimerudia mara nne. Huyo wa tarumbeta na jengo linaloporomoka bado sijamgusa, nausubiri usiku nikiwa peke yangu. Wana albamu ngapi?

#20 Mpiga Gambusi

Mbili tu. Ya kwanza 2010, ya pili Desemba 2020. Miaka 10 katikati, na mashabiki walisubiri. Hiyo ya pili isikilize kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka, nyimbo zake zimeshikana. Na ukitumia spika ya simu tutagombana.